Nilivyozipaka Grisi Fimbo za Mlima

Mimi sikuanguka kwa sababu ya uzee. Nianze na hapo, maana hapa Bugarama watu wanaeleza vingine. Nilianguka kwa sababu ya grisi, na grisi yenyewe niliipaka kwa mkono wangu.

Shule niliachana nayo darasa la nne, kule karibu na Mhunze, na haikunitafuta. Nikabeba dagaa na chumvi kwa baiskeli miaka mingi, mpaka baiskeli ikanifikisha kwenye dhahabu. Leo nina nyumba ya bati la rangi, nina makarasha mawili ya kusagia mawe, na nusu ya duara lililo juu ya kilima ni yangu. Duara ndilo shimo letu la kuchimbia. Hakuna aliyenishika mkono. Haya nayasema nikiwa nimekaa, kwa sababu nikisimama goti la kushoto linanikatiza maneno. Hospitali walilipiga picha wakasema limelika. Fundi wa mifupa wa kwetu alilibonyeza akasema jambo lile lile kwa Kisukuma, tofauti ni kwamba yeye alinipa pole.

Sasa, kwetu kuna utaratibu. Mvua kubwa ikipita, duara linafungwa, na hakuna anayeshuka mpaka matimba yagongwe. Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta zisiwafunike watu. Unachukua nyundo ndogo, unagonga gogo moja moja, unasikiliza. Gogo zima linaitika. Lililooza linameza sauti. Tangu duara lifunguliwe, mgongaji ni mimi, na ndani yake hajafa mtu. Maduara ya jirani siyasemi.

Safari hii mvua ilinyesha wiki nzima. Ilipokatika, mwenzangu tunayemiliki naye duara, mtu wa Kigoma, mpole, asiyepandisha sauti hata akiumwa jino, alinipigia simu.

"Kaka, watu wamekaa kambini wanacheza bao. Jumamosi tunataka kushuka. Utaweza kupanda?"

"Nitapanda."

"Mwezi uliopita, hata mvua hakuna, ulisema hivyo, ukaishia kwenye mawe ya kwanza."

"Nimesema nitapanda."

"Usipoweza, msimamizi atagonga. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, si mjinga."

"Hana masikio."

"Basi tuje tukubebe na machela."

Hapo nilikata simu. Pikipiki haipandi kilima kile, njia ni mawe matupu. Vinavyobebwa pale ni vitu viwili, kiroba cha mawe na maiti, na mimi si kimojawapo. Lakini nilijua anachokisema. Mwenye duara asiyefika duarani anakuwa mtu wa kuletewa habari. Anaambiwa matimba ni mazima, anaitikia, na siku mtu akifunikwa anasikia na yeye kama wengine.

Ndiyo maana fimbo zilipokuja Jumatano nilizipokea kama dawa. Binti yangu wa pili anapikia watalii kule mlima Kilimanjaro, na watalii wakimaliza kupanda huacha vitu. Alinitumia fimbo mbili kwa basi, zimefungwa kwenye kanga ya mama yake. Ni nyepesi kama mua uliokauka. Kila moja ina vipande vitatu vinavyoingiana kama antena ya redio, unavivuta, unavizungusha, vinakaza. Juu kuna mshikio na mkanda wa kupitishia mkono, chini kuna ncha ya chuma.

Akapiga simu. "Baba, shikamoo. Zimefika? Ngoja nikueleze namna ya kuzikaza."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimefunga winchi kwa mikono hii. Nitashindwa fimbo?"

"Siyo kushindwa, Baba, ila kuna..."

"Nduhu tabu, mama, hakuna shida. Asante sana." Nikakata.

Nikazichomoa vipande vyote nikavilaza kwenye mkeka. Ndani, mwisho wa kipande, kuna kidude cha plastiki ambacho ukizungusha kinatanuka na kubana. Nikakigusa. Kikavu kabisa. Nikawaonea huruma watalii, watu wenye ndege wasiojua kutunza chuma. Kwenye karasha, kitu kinachozunguka bila grisi hakimalizi wiki. Nikachukua kopo, nikapaka. Nikapaka vizuri, mpaka vikawa vinazunguka bila kelele, nikajisifu mwenyewe.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. "Sasa una miguu minne," akasema, "na bado kwenda chooni unapiga kelele."

"Kesho nitakuwa juu ya kilima."

"Mbuzi naye anafika."

Alhamisi asubuhi niliondoka. Chini ya kilima wanakaa akina mama wanaoponda mawe ya mabaki. Wananifahamu wote, wengine walianza pale mimi nikiwa bado na baiskeli. Nikawapa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, wakaitikia, nikapita nimenyooka. Fimbo nilikuwa nimezivuta mpaka mwisho ili nisionekane nimeinama. Nilipanda jiwe la kwanza, la pili. La tatu nikaegemea fimbo ya kushoto kwa uzito wangu wote, kwa sababu ndipo goti linapokataa. Fimbo ikaingia ndani yake yenyewe, taratibu, kama kisu kwenye siagi. Mimi nikaifuata.

Nilikaa kwenye matope nikiangalia kiganja kilichochubuka. Mama mmoja aliweka nyundo chini akaja kuniinua.

"Baba, fimbo yako imelala," akasema.

"Imechoka kama mwenyewe," mwingine akadakia, na wakacheka. Hawakucheka vibaya, lakini nilicheka nao na ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda.

Nyumbani mke wangu aliniosha mkono kwa maji ya chumvi, akaniwekea simu mapajani. Nikampigia binti.

"Mwanangu, ile fimbo yako ni mbovu. Haikazi."

"Uliikaza kuelekea kulia?"

"Nilikaza mpaka mishipa ikasimama."

"Umeiwekea nini, Baba?"

"Nimeiwekea nini?"

"Baba."

"Grisi kidogo. Ya karasha."

Nikasikia sufuria zinagongana upande wake.

"Baba, ulivyokuwa unabeba dagaa, breki za baiskeli ulizipaka mafuta?"

Nikakitazama kiganja kilichochubuka.

"Hapo ndani ndipo breki ilipo. Inatakiwa kavu. Chomoa vipande vyote, osha kwa sabuni ya unga, futa, anika vikiwa vimeachana. Usivirudishe ndani vikiwa vibichi. Halafu kuna mstari umechorwa kwenye kila kipande, umeuona? Usivute kupita mstari. Ulivuta kupita?"

"Kidogo."

"Ulitaka uonekane mrefu."

Huyu mtoto namjua na yeye ananijua. Akaniambia mengine pole pole, na safari hii nilimwacha amalize. Kwa kupanda fupisha, kwa kushuka refusha. Ukiwa umesimama tambarare, kiwiko kikunje kama pembe ya meza. Mkono unaingia kwenye mkanda kutokea chini, ndipo unashika mshikio, ili uzito ubebwe na mkanda na siyo vidole. "Na kabla hujatoka nyumbani," akasema, "kaza, halafu iegemee kwa uzito wako wote, hapo hapo uwanjani. Ikilala, ilale kwako. Usiende kuijaribia kwenye mawe."

Neno hilo lilinikaa. Maisha yangu yote nagonga gogo kabla mtu mwingine hajasimama chini yake. La kwangu sikuligonga.

Ijumaa kutwa nilishinda na beseni la povu. Grisi ya karasha haitoki kwa kuombwa. Nilisugua kwa mswaki wa zamani, nikafuta kwa kipande cha fulana, nikaanika kwenye seng'enge, nikapima kwa kidole, bado utelezi, nikaosha tena. Mgongo uliuma, kiganja kiliwasha. Jioni nikavirudisha, nikakaza, nikaegemea. Cha chini kikateleza kidogo. Nikachomoa, nikaosha mara ya tatu. Mke wangu aliyekuwa ananitazama mlangoni akasema, "Sahani hujawahi kuosha hivyo." Jumamosi asubuhi niliegemea fimbo zote mbili mpaka miguu ikakaribia kuacha ardhi, na hazikulala.

Nikapanda. Sitasema nilipanda kama kijana. Nilipumzika penye kila kivuli na pengine pasipo na kivuli. Fimbo mbele, goti, pumzi. Fimbo mbele, goti, pumzi. Jua lilikuwa limesimama nilipofika, na watu wote walikuwa wamekaa kuzunguka duara wakisubiri. Mwenzangu alisimama akanipa maji.

"Umefika, kaka."

"Ulidhani?"

Msimamizi, yule mwenye watoto watatu, mtu wa Runzewe, aliniamkia kwa heshima. Nyundo yangu ilikuwa mkononi mwake. Hakuwa amegonga. Alikuwa ananingoja, na hilo sikulitegemea.

Nikachungulia mdomo wa duara. Ngazi ile ni miti iliyofungwa kwa kamba, inashuka moja kwa moja gizani. Kwenye ngazi hiyo fimbo za mlima hazina kazi. Nilipanga safari nzima ya kufika na sikupanga namna ya kushuka, au nilijua nikakataa kujua. Nikakuna kidevu kama mtu anayefikiri jambo kubwa.

"Shuka wewe," nikamwambia. "Gonga, mimi nasikiliza."

Akashuka na tochi kichwani. Mimi nikasimama ukingoni, mikono kwenye mikanda, fimbo zimekita. Akagonga la kwanza, likaitika. La pili likaitika. Lile la kona likatoa sauti ya gunia. Nikafungua mdomo niseme, na sauti yake ikanitangulia kutoka chini.

"Mzee, hili limemeza."

"Ndiyo," nikasema. "Litolewe."

Akaendelea. Akagonga jingine, likaitika vizuri, nikasema pita. Hakupita. Akaligonga tena, chini zaidi.

"Hili silipendi, mzee."

"Limeitika."

"Juu ndiyo. Chini halisemi."

Akagonga mara ya tatu. Nikainamisha kichwa mpaka fimbo zikalia. Sikusikia tofauti yoyote. Nikamwambia achokonoe kwa ncha ya nyundo. Nikasikia kitu laini kinaanguka kwenye maji, na mtu mmoja pale ukingoni akavuta pumzi.

"Ni unga mtupu huku, mzee. Maji yamepita nyuma yake."

Ningekuwa peke yangu mule ndani, ningelipitisha. Watu wangeshuka.

Alipopanda juu alikuwa na matope mpaka masikioni. Akaninyooshea nyundo kwa mikono miwili.

"Kaa nayo," nikasema.

Akamwangalia mwenzangu, kisha mimi. "Nikae nayo mpaka lini, mzee?"

"Mpaka masikio yako nayo yazeeke."

Mwenzangu alitazama pembeni. Nikamwambia, "Nimemfundisha mimi huyo."

"Tunajua, kaka."

"Usifikiri amezaliwa na masikio hayo."

"Tunajua."

Siku hiyo hakuna aliyeingia kuchimba. Walikwenda kukata magogo mapya. Mimi nikakaa juu ya kiroba, nikalegeza fimbo moja moja, nikavuta vipande mpaka kwenye mstari na si zaidi, nikakaza kuelekea kulia, nikaegemea kujaribu. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, goti linahesabu kila jiwe. Nilifika chini akina mama wakiwa wanakusanya nyundo zao waende nyumbani.

"Baba," akasema yule aliyeniinua, "leo hazijalala."

"Nimezikausha," nikamjibu, nikaomba nafasi ya kukaa kwenye jiwe lake.