Kopo Lililonguruma Ukweni

Jamani, Kasulu kuna watu mpaka leo wakiniona sokoni wanatega sikio chini kama wanasikiliza kitu, halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya. Wacha niwasimulie mwenyewe, maana wao wakisimulia wanaongeza chumvi, na mkasa huu ulikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo.

Naitwa Minani, fundi simu, kibanda changu kipo karibu na stendi ya magari ya Kibondo. Jina hilo kwetu ni la mtoto wa nane, kwa hiyo mnaelewa nimetoka familia ya namna gani: kwetu mtu asiye na mtoto anaulizwa kila Krismasi. Sasa wiki chache kabla ya kwenda kuposa, mtu akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu letu la mafundi, mwanaume mwenye sauti nzito anayejiita mtafiti (wa wapi, hakusema), anasema simu ikikaa mfuko wa suruali mionzi yake inaunguza mbegu za uzazi, na hata ukiizima inaendelea kuchoma polepole. Nikaitazama meza yangu. Simu thelathini na kitu, zimepangwa usawa wa kiuno. Nikajisemea, Minani, wewe ulishakwisha siku nyingi.

Mtu mwenye akili angemuuliza mchumba wake, Skolastika, ambaye ni muuguzi wa zahanati. Lakini unaanzaje kumwambia binti unayetaka kumuoa kwamba una wasiwasi na mambo ya huko chini? Niliona aibu, na niliogopa atasita. Nikanyamaza, nikajitibu mwenyewe: nikachukua kopo la maziwa ya unga, ndani nikalizungushia karatasi ya foili, nje nikalivika kitambaa cheusi cha mwavuli mbovu, halafu nikalifunga kwa waya wa shaba. Simu ikawa inakaa humo, na kopo nalibeba mkono nimeunyoosha, mbali na kiuno. (Mfuniko wake ulikuwa wa plastiki, na mawimbi ya simu hupita hapo bila shida. Fundi mzima, hilo sikuliona.)

Siku ya posa tukafika kwao Skola, kijiji kimoja njia ya Buhigwe, mimi na baba mdogo Filbert ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu. Tunakaribia ua wa watu, akaliona kopo.

"Minani, unaingia ukweni na hicho?"

"Ni simu, baba mdogo."

"Simu gani inavaa sanda? Iweke mfukoni kama wenzako."

"Mfukoni haiwezi kukaa."

"Basi hicho hakivuki hapa."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikaiweka simu kwenye mtetemo isije ikanipigia kelele mbele ya wakwe, nikachepuka kama mtu anayekwenda haja ndogo, nikalificha kopo shinani mwa mgomba nyuma ya jiko, nikalifunikia majani makavu. (Mtaniuliza kwa nini sikuizima. Yule mtafiti alishasema haisaidii, na mimi ndiyo nilikuwa nimemwamini hivyo.)

Ndani tulipokelewa vizuri mno. Makofi ya salamu, "Mwakeye, mwakeye," wazee wamekaa kwa heshima, baba mdogo kasimama kaanza kueleza tulichokifuata, na baba yake Skola, mzee mmoja mpole asiye na maneno mengi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema moyoni, hapa nimeshapata mke. Mara nyuma ya jiko kukatoka ukelele.

"Yebabawe! Baba Skola, njoo uone! Kuna kitu kinanguruma!"

Mama mkwe alikwenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Tukatoka wote mbio. Kopo lilikuwa limetoka kwenye majani, jeusi, limefungwa waya, linatetemeka lenyewe na kujisogeza kidogo kidogo kwenye udongo, grrr, grrr, linanyamaza, linaanza tena. Majirani wakajaa. Nyie mnajua mkoa wetu unavyosemwa kwa mambo hayo, kwa hiyo neno la uchawi halikuhitaji mtu wa kulitamka.

"Kuna mtu hataki binti yangu aolewe," mzee akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya upole. "Posa isimame mpaka tujue nani kaleta hiki."

Nikaona mke anaondoka hivi hivi nikitazama. Nikasema niseme, lakini nikisema ni simu wataniuliza kwa nini nimeifunga hivyo, na jibu lake ndilo hilo la mbegu. Baba mdogo ananikodolea macho, jasho linamtoka. Kisha mzee akanigeukia.

"Kijana, wewe ni fundi, milio unaijua. Hebu sikiliza, ni kitu gani?"

Nikapiga magoti, nikatega sikio mbele ya watu wote kama daktari wa kopo, nikasema, "Nadhani ni nyigu, mzee. Wamejenga humo."

"Nyigu?" Mama mkwe hakungoja. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria la maji ya ugali. Simu yangu, namba zote za wateja, picha zote za Skola! Alipoinamisha tu, nikajirusha juu ya kopo nikipiga kelele, "Mama, usimwage, ni simu yangu!" Maji yakanipata pale pale nilipokuwa napalinda wiki zote zile. Namshukuru Mungu yalikuwa hayajachemka sawasawa, lakini niliruka, jamani, niliruka nikipepea suruali kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe.

Mzee akafungua kopo. Simu ilikuwa bado inaita, na akasoma jina kwa sauti, taratibu: "Mama Watoto." Akanigeukia. "Una mke mwingine?"

"Ni mimi, baba," Skola akasema akitokea ndani ya nyumba, simu sikioni. Kumbe alikuwa ananichungulia dirishani, akapiga kuniambia kola imepinda, kisha akawa anapiga kuniuliza huko nje watu wanapigia nini kelele.

Basi nikasema yote, nimelowa, mbele ya wakwe na majirani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Skola peke yake hakucheka.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Hilo la mionzi bado wanalichunguza, halijathibitishwa. Ukiwa na wasiwasi, weka simu kwenye begi, yaishe." Akaitazama suruali yangu. "Ila maji ya moto yameshathibitishwa. Twende nikakuangalie."

Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema posa iendelee, mkwe akishapata suruali kavu. Nilimaliza kuposa nimevaa kanga ya mama mkwe.

Tumeoana, na nimeapa: jambo la mwili wangu sitalipeleka tena kwa mwenye sauti nzito huku muuguzi ninaye. Skola ana mimba ya miezi saba sasa. Jina lake kwenye simu yangu alishalibadilisha mwenyewe, na akipiga nikiwa kibandani wateja wote wanasoma: ULIZA KWANZA.