Debe Lililokwenda Kutazama Mpira

Kuna sauti moja ambayo mimi siwezi kuisikia nikatulia: debe tupu likigongwa kwa chuma. Jumamosi iliyopita vijana wa plot yetu ya nyumba za kupanga hapa mtaa wa Sofia, Voi, walilipiga debe la rangi tangu timu ya taifa ilipoingia uwanjani hadi dakika ya themanini na tisa. Tulikuwa tumejazana kwa jirani yangu Mama Brayo, kina mama wanne na watoto kwenye mkeka. Tulikuwa tunaongoza moja bila. Basi beki wetu wa kulia akapanda mbele kama mtu anayewahi harusi, hakurudi. Beki wa kati akainua mkono kudai wameotea badala ya kukimbia. Kipa, kijana ambaye hata ndevu hazijamkolea, akabaki peke yake na washambuliaji wawili. Akaokoa la kwanza. La pili likaingia.

Debe likanyamaza.

Mpira haujarudishwa katikati, plot nzima imeshatoa hukumu. "Huyu kipa ni bure kabisa!" "Arudishwe kwao akachunge mbuzi!" "Mbuzi watamponyoka pia!" Mama Brayo akaapa kwamba huyo kijana akisimama golini tena Jumanne, yeye haangalii, na Mama Brayo ni mtu anayeangalia hata marudio ya marudio. Baadaye kocha mwenyewe akaulizwa na waandishi. Akasema timu ilicheza vizuri, ila kosa moja la kipa limetunyima ushindi.

Maoni yangu nimeyasema mpaka watu wamenichoka: yule kijana hana kosa. Waliopewa kazi ya kumlinda walienda kutafuta sifa mbele, wakamwacha. Watu wanashangaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni anawaka hivi kwa ajili ya kipa asiyemjua wala kujuana na mama yake. Wangejua habari ya debe letu la Makwasinyi wasingeshangaa. Sijawahi kuisimulia. Nawaambia nyinyi. Na liko jambo la Jumamosi hiyohiyo ambalo nitalisema mwishoni, kwa sababu linanitia aibu.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, ukivuna ni kwa sababu mvua imekubali na ndovu pia wamekubali. Mwisho wa shamba Baba alikuwa amejenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti minne, cha kulindia mazao. Kwenye nguzo yake lilining'inia kwa waya debe la mafuta ya kupikia, na kando yake kipande cha chuma cha baiskeli. Debe lile lilikuwa na sauti, jamani. Baba alisema lipigwe hapo kwetu, mbwa wa kijiji jirani cha Rukanga wataitika. Ndovu walilijua. Wakilisikia walitanua masikio, wakasimama kidogo wakifikiri, halafu wakageuka kurudi porini kama watu waliokumbuka kitu nyumbani.

Mwaka ule mahindi yalikuwa yamebeba kuliko miaka yote niliyokuwa nimeishi, ingawa nilikuwa nimeishi michache. Majani yalinukia utamu asubuhi, umande ukiwa bado juu yake. Mama alikuwa akipita katikati ya mistari akiyagusagusa mashavu, na akiyazungumzia kwa majirani kama anavyozungumziwa mtoto anayeongoza darasani. Wiki mbili tu, alisema. Mungu atupe wiki mbili. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekula mahindi ya njano ya msaada, yale yanayonuka gunia hata yakipikwa, na alikuwa ameapa hayataingia tena sufuriani mwake.

Baba alikuwa shabiki. Alikuwa na fulana ya timu ya taifa iliyopauka mpaka huwezi kujua rangi yake ya kwanza, na hakuruhusu mtu aifue isipokuwa yeye. Na mwaka huohuo Mzee Kilonzo, mwenye duka pale senta, alikuwa ameleta TV ya betri ya gari, nyeusi na nyeupe, ambayo ndani yake wachezaji wote walionekana kama wamemwagiwa majivu.

Siku ya mechi Mama alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa huko Rukanga. Alipokuwa akifunga leso ya safari alimwambia Baba, mimi nikiwa pale, "Baba Wakesho, leo ni zamu yako. Usitoke shambani."

"Nitoke niende wapi?" Baba akajibu. Fulana ya taifa alikuwa ameshaivaa, ndani ya shati.

Saa tisa na nusu nikamwona anafungua ule waya.

"Baba, mbona unatoa debe?"

"Tunalihitaji senta. Kilonzo ana filimbi moja tu, na imepasuka."

"Na ndovu je?"

"Wakesho mama, ndovu hawaji jua likiwa juu hivi. Hao wana akili kuliko wewe. Refa akipuliza ya mwisho, mimi niko hapa."

"Wakija?"

"Piga makofi." Akacheka, akanipapasa kichwa, akashika njia na debe begani, akilijaribu kwa chuma, ngo, ngo, ngo, mpaka akapotea nyuma ya vichaka.

Nilikaa kwenye dungu nikihesabu chiriku waliotua kwenye mabua. Nilikuwa na furaha, nikisema ukweli. Nilijiona mkubwa.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ya nyasi zilizochacha na ngozi yenye joto. Kisha wakatoka kwenye vichaka upande wa njia, jua likiwa bado linawaka: jike mkubwa, wengine wanne nyuma yake, na mtoto mmoja mwenye mkonga asiojua kuutumia. Hawakuwa na haraka. Wakaingia kwenye mahindi ya Mama kama watu walioalikwa.

Nikapiga makofi.

Ndivyo nilivyoambiwa. Yule jike aliinua kichwa akanitazama, nafikiri kwa huruma, akaendelea. Alichuma mahindi kwa utaratibu, akiyachagua, kama mwanamke anavyochagua nyanya sokoni. Nikapiga mayowe mpaka kifua kikauma. Nikaimba nyimbo zote za Sunday school, za furaha na za toba. Nikavua ndala nikazigonganisha, nikarusha moja. Yule mtoto akainusa, akaiacha, akaenda kuviringisha boga. Kushuka sikuweza. Njia ya senta ilipita katikati yao.

Ndipo nikalisikia debe letu. Huko senta, mbali, likilia kama limeingiwa na wazimu, na sauti za wanaume juu yake. Tulikuwa tumefunga goli. Ndovu nao walilisikia. Wakasimama wote, masikio wazi, mabua yakining'inia midomoni. Nikanong'ona, lete, Baba, lete. Halafu wakatambua, kama nilivyotambua mimi, kwamba liko mbali. Wakarudi kula. Kach, kach, kach. Mpaka leo siwezi kukaa karibu na mtu anayetafuna muwa.

Baba alifika jua likielekea kuzama. Alikuja akicheza njiani, nilimwona kutoka juu. Tulishinda siku hiyo. Wazee wa Makwasinyi bado wanaisimulia mechi ile, goli lilivyopigwa, nani aliangusha chai ya Kilonzo. Wakianza kuisimulia mimi huondoka.

Alipowaona ndovu alisimama. Akafungua mdomo apige kelele, na hakuna kilichotoka. Sauti yote alikuwa ameimaliza senta. Akaligonga debe, nalo lilikuwa limepasuka kitako kwa kushangilia, likatoa mlio wa kijiko ndani ya kikombe. Akaligonga tena na tena. Akawa anaruka, anapunga mikono, mdomo wazi, bila sauti, mwanaume mzima ndani ya fulana iliyopauka. Ndovu waliondoka walipotaka. Walikuwa wameshiba.

Alikaa chini. Nikashuka nikakaa karibu naye, ndala moja mguuni. Nilimhurumia, ndiyo. Nilitaka kumshika mkono.

Mama akatokea njiani, Biblia kwapani. Akatazama shamba. Hakulia, hakupiga kelele. Akauliza taratibu tu, "Baba Wakesho, nini hiki?"

Na Baba, kwa ile sauti ya mkwaruzo iliyobaki, akasema, "Nilimwachia Wakesho."

Basi. Hakusema uongo hata neno moja. Lakini nilimwona akilisukuma debe kwa kisigino, polepole, likaingia kwenye majani nyuma yake.

Mama akanigeukia. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nikatazama mguu wangu usio na ndala. Nikasema, "Samahani, Mama."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimejiuliza miaka yote hii. Nilingoja Baba aseme lililobaki. Nilimngoja usiku ule, nikamngoja wiki nzima ambayo Mama alikuwa hasemi naye ila kupitia kwangu: "Mwambie baba yako chakula kiko pale," na baba yangu ameketi pale. Nilimngoja tukisimama foleni ya mahindi ya njano. Hakusema. Habari ikaenea kwamba mtoto aliachiwa shamba akalala. Shuleni wakanibatiza Kipa. "Kipa! Ndovu wamekufunga ngapi leo?" Nilikuwa Kipa mpaka darasa la nane, na niliposhinda hesabu wilaya nzima, nilipigiwa makofi kwa jina hilo.

Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kumtukana yule kijana wa golini.

Baba yuko bado, Makwasinyi kulekule, na kila baada ya mechi lazima anipigie simu. Jumapili akapiga.

"Umemwona yule kipa wenu? Kazi moja tu, kudaka, inamshinda!"

"Mabeki walikuwa wapi, Baba?"

"Mabeki walikuwa wanatafuta goli la pili. Si ndiyo mpira?"

"Na yeye walimwacha afanye nini? Apige makofi?"

Nilisikia jogoo wake, nikasikia hata mlango wa jikoni ukifunguliwa.

"Wakesho, nasikia unakatikakatika," akasema. "Network ya huku ni mbaya." Akakata.

Nilikasirika mpaka mtoto mgongoni akaamka. Lakini hasira ile haikuwa safi, na hapa ndipo lilipo lile jambo la Jumamosi.

Wakati naenda kwa Mama Brayo nilikuwa nimeinjika maharage kwenye jiko la makaa, nikamwachia Saru, binti yangu wa miaka minane. "Dakika chache tu. Ukiona maji yanapungua, niite." Aliniita. Alikuja mlangoni kwa Mama Brayo mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia "nakuja," mara ya pili nikamwambia "hebu nyamaza kidogo," maana ndipo yule beki alikuwa anapanda. Likaingia goli, nikapiga kelele kumtetea kipa mpaka sauti ikakauka, nikakaa kumsikiliza kocha. Niliporudi nyumba ilikuwa imejaa moshi, na sufuria imeshika weusi.

Baba Saru akaingia kutoka kazini, njaa usoni. Akafunika pua. "Kumeendaje hapa?"

Nikasema, kwa sauti ya mkwaruzo, "Nilimwachia Saru."

Nililisikia likitoka. Nawaambia, sikulitafuta, sikulipanga. Miaka yote nilimwazia Baba kama mtu aliyekaa akachagua kunitupa mimi mbele ya Mama. Kumbe neno lile huwa liko tayari mdomoni, jepesi, na anayeangukiwa nalo ni yule mdogo aliyesimama karibu zaidi, kwa sababu yeye hawezi kulirudisha.

Nikalifuata hapohapo. Nikasema, "La, si yeye. Ni mimi. Nilikuwa mpirani, aliniita nikamfukuza." Nilisema alichoshindwa Baba kusema, na nilidhani kwa kusema hivyo nitakuwa nimeokoa. Baba Saru akacheka, akasema yaishe, ni maharage tu, akatoka kwenda kununua chapati.

Saru hakucheka. Alikuwa akitazama miguu yake. "Samahani, Mama," akasema, kama hakunisikia kabisa.

Leo wametangaza kikosi cha kesho, Jumanne. Yule kijana hayumo. Mabeki wote wawili wamo. Tuko ugenini, na nasema tutapigwa, na kipa mpya ndiye atakayebebeshwa. Sina la kufanya. Nimepiga kelele mpaka kwa redio.

Saru yuko nje anasugua ile sufuria kwa mchanga. Hakuna aliyemtuma. Alianza Jumamosi usiku, akaendelea jana, na leo tena ametoka shule akaichukua. Inang'aa kuliko ilivyonunuliwa. Nimetoka mara tatu kumwambia, mama, imetosha, iache.

"Bado kidogo, Mama," ananijibu, na hainui kichwa.