Dokta Asiye na Utangulizi

Ralaivao wa Ambatolampy alikuwa msemaji wa posa, na hakuna posa ya maana iliyopita mji ule bila kinywa chake. Siku za kazi alisubu masufuria tanurini kama nusu ya wanaume wenzake. Jumamosi alivaa kofia ya ukindu, akajitupia begani lamba, shuka lake la sherehe, na masufuria yakasahaulika. Mtu huyu, kuomba mchumba tu, aliwaomba radhi wazee, vijana, waliokuja, walioshindwa kuja, mwenye nyumba na jogoo wa mwenye nyumba, ndipo agusie kilichomleta. Wali ulipoa, watoto wakasinzia, watu wakapiga makofi. Na ndivyo inavyotakiwa! Jambo zito halibwagwi mbele za watu kama gunia la mkaa.

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza akasingizia moshi wa tanuri, kisha mafua, kisha kijicho cha Ramanjaka, msemaji mwenzake wa ng'ambo ya soko. Mkewe Bakoly alikuwa mtu wa maneno machache, maana nyumbani mwake maneno yalikuwa na mwenyewe. Alimvumilia msimu mzima, kisha akasema, "Baba Fanja, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho Tana."

Huko Tana, kwenye hospitali kubwa ya mji mkuu, walimchungulia koo kwa mrija wenye taa, wakanyofoa kijipande cha nyama kwenda kukipima. Siku ya majibu Bakoly alikuwa bondeni akipandikiza mpunga, kwa hiyo Ralaivao alikwenda peke yake. Kosa lilianzia hapo.

Dokta Hasina alikuwa binti mwenye miwani, na foleni yake ilifika kwenye ngazi. "Karibu mzee wangu, keti. Ni saratani ya koo. Iko hatua ya kwanza, haijasambaa. Hatutakupasua, tutakutibu kwa mionzi. Wengi wa namna yako hupona. Una swali?"

Ralaivao alibaki amekodoa macho. Lo! Hata anayekuja kuazima jembe huuliza kwanza habari za watoto! Kisha akayapima yale maneno kwa mizani anayoijua yeye. Haijasambaa, hatupasui, wengi hupona: hayo yalikuwa asali ya utangulizi, na asali hiyo yeye ameimwaga maisha yake yote. Mara ngapi amesifu nyumba ya mkwe huku ikimvujia kisogoni! Jina la ugonjwa lilimponyoka binti huyu kwa utoto, akawahi kupuliza pale alipouma. Basi akangoja jambo lenyewe. Dokta naye akangoja swali. Wakatazamana weee, mpaka mgonjwa wa nyuma akakohoa mlangoni. Ralaivao akainuka, akashukuru, akatoka akijua moyoni kwamba lililomshinda binti wa watu kulitamka ni kifo.

Nyumbani alisema ni mafua ya koo. Usiku huohuo, hata kabla ya kula, alituma ujumbe kwa wakwe watarajiwa: posa ya binti yake Fanja, iliyopangwa baada ya mavuno, iletwe upesi. Alikuwa ameapa tangu Fanja yuko mgongoni mwa mama yake kwamba siku akiposwa, posa haitajibiwa na kinywa kingine ila chake. Kama sauti iliyobaki ni ya siku moja, basi siku hiyo ni ya Fanja. Kwenye mionzi hakurudi.

Mji ukapata la kusema. Posa kukimbizwa namna ile, kuna nini tena kama si mimba?

"Baba, watu wananitazama tumbo!" Fanja alifoka. "Hata mchungaji kaniuliza kama nalala vizuri!"

"Waache watazame," baba yake akakwaruza, akaenda zake uani.

Uani ndiko Bakoly alikomkuta, amevaa lamba, amesimama mbele ya bata bukini, anawaomba radhi kwa yote aliyowakosea tangu ujana wake. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Unamuaga nani?"

"Ninakufa, mama Fanja."

"Kasema nani?"

"Dokta."

"Kasemaje?"

"Kasema nitapona."

Bakoly akaweka ungo chini. "Kasema utapona, kwa hiyo unakufa."

"Wewe huzijui kauli za watu."

"Nimelala na kauli zako miaka yote hii, nisizijue? Vaa viatu."

Safari hii waliingia wawili, na Bakoly ndiye aliyesema. "Dokta, mume wangu anadhani ulikuwa hujaanza."

Dokta Hasina naye ni mwana wa milima ileile ya kina Ralaivao. Alimtazama mzee, akaitazama kofia magotini pake, akaelewa. Akavua miwani. "Mzee wangu, humu ndani hatuna utangulizi. Neno la kwanza ndilo lenyewe, na la mwisho ndilo lenyewe."

"Hatua ya kwanza?" Ralaivao akauliza kwa ukali, kama anayemhoji msemaji wa upande wa pili.

"Uvimbe ni mdogo, na uko palepale ulipoota."

"Kusambaa?"

"Ni saratani kuhama kwenda kuota kwingine mwilini. Yako haijahama."

"Mionzi? Mtanichoma?"

"Ni kama picha ya kifua, ila yenye nguvu zaidi, inaelekezwa pale penye uvimbe tu. Hutaisikia ikiingia. Ila baadaye koo litawaka, na sauti itapotea kwa muda. Wengi hurudiwa nayo. Wote, siwezi kukuahidi."

"Na hilo la kutoahidi, ni adabu?"

"Ni kweli."

Ralaivao alilia tena, safari hii bila haya, akaomba mionzi ianze leo.

Ilianza, na yote aliyoambiwa yakaja. Ngozi ya shingo ikaiva, uji ukapita kooni kama changarawe, sauti ikaisha kabisa. Posa ikasogezwa tena hadi baada ya mavuno, na majirani wakabaki kutazama tumbo la Fanja ambalo halikui, wakaudhika. Nyumba ikawa kimya. Bakoly, aliyekuwa akiuomba ukimya huo tangu ndoa, ukamshinda upesi. Akajikuta anasimulia bei ya vitunguu, ndoto zake, hata ugomvi wa bata, ilimradi kuwe na mtu anasema. Ramanjaka alikuja kumjulia hali na papai, akakaa muda mrefu akiipima sebule kwa macho, pale msemaji wa upande wa bibi harusi anaposimama. Ralaivao alimwona, wala asiweze hata kumtukana.

Mpunga ulipoanza kuiva walirudi Tana kwa kipimo. Mrija ukaingia, mrija ukatoka. Dokta Hasina akasimama. Kumbe siku zote hizo alikuwa akijifunza utangulizi, akitaka kumfurahisha mzee wake! Akajitupia mtandio begani.

"Mimi si wa kusimama mbele ya wakubwa," akaanza. "Nawaomba radhi walionitangulia kuzaliwa. Nawaomba radhi waliolala makaburini. Naziomba radhi mbingu zisiniangukie, na ardhi isinimeze. Namwomba radhi mama aliyebeba kikapu..."

Ralaivao alisogea ukingoni mwa kiti. Akampungia mkono aache. Dokta akadhani anasifiwa.

"...naiomba radhi na foleni iliyoko ngazini, maana mto haukauki kwa..."

"Neno lenyewe, binti! Nitakufa na utangulizi!"

Ukuta ukavuma kwa sauti ya Ralaivao. Nje, foleni ikanyamaza. Bakoly aliachia kikapu, na mayai aliyomletea dokta yakapasukia sakafuni, asijali.

"Saratani haionekani," dokta akasema haraka. "Bado siiti kupona, naiita nafuu kamili. Utakuja tena nikuchungulie, na tena, na tena."

Lakini Ralaivao hakumsikia. Alikuwa ameshika koo lake kwa mikono miwili, anamtazama mkewe.

"Rudia," Bakoly akamwambia, uso umelowa. "Sema chochote, baba Fanja. Niombe radhi hata mimi."

Akamwomba. Foleni ya ngazini ilisubiri sana siku ile.