Mvua Iliyonyesha Kemigisha Amelala

Watu wa Nyakatuntu walizoea kumsikia Kemigisha kabla ya kumwona. Alitembea akisema, akapalilia akisema, na hata kanisani vidole vyake havikuacha kusokota ncha ya kitenge. Mumewe, Rwezaura, alipenda kutania kwamba siku mama Benjamin atakapotulia, majirani watakuja kutoa pole.

Baridi yabisi ilipomwingia magotini na kwenye vifundo vya vidole, haikumkuta mtu wa kulala. Asubuhi aliamka amekakamaa kama gogo, akashika ukuta, akajikokota hadi kwenye kibanja chao cha migomba kupunguza majani makavu. Kisu kikimponyoka, alikiokota akikitukana.

Daktari aliyemwandikia vidonge alimwonya asiviache, kisha akamshauri atafute na njia ya kuutuliza mwili.

"Mama, umejikaza muda wote," alimwambia. "Misuli ikijikaza, maumivu nayo yanazidi."

"Nikitulia mimi, nani atapalilia?"

Hata hivyo alijaribu. Alianza kwa kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, maji aliyochemshiwa na Rwezaura mwenyewe. Kabla hayajapoa, akaona mbuzi kwenye maharage. Alichomoka miguu ikichuruzika, akateleza mlangoni, nusura avunjike nyonga.

Akaenda zahanati, ambako muuguzi aitwaye Dusabe aliwakusanya wagonjwa wa viungo na kuwafundisha kuvuta pumzi polepole, macho wameyafumba. Kemigisha alifumba jicho moja. Kwa lile jingine akamwona mzee mmoja akikoroma mdomo wazi, akacheka mpaka wenzake wote wakafumbua macho. Njiani kurudi kicheko kilimwisha. Alikuwa ametamani kweli zoezi lile limsaidie.

Kwenye gulio la Nkwenda, mchuuzi wa mafuta ya kuchua alimpaka gotini hapohapo, akamhimiza avitupe vidonge vya hospitali.

"Kwani dawa yako haiwezi kukaa nyumba moja na nyingine?" Kemigisha alimuuliza, akaondoka akichechemea. Lakini njia nzima aligeuka nyuma mara kwa mara, akijiuliza kama amekosea.

Akabaki Uwiduhaye, jirani ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, na ambaye watu walimwendea awakande. Alimlaza mkekani barazani kwake, akapasha samli kidogo, akaanza na mabega.

"Panapouma ni chini huko," Kemigisha akalalamika.

"Najua, mama Benjamin. Magoti yamevimba, siwezi kuyabonyeza. Nalegeza haya mabega uliyoyapandisha mpaka masikioni."

"Umeona kahawa yangu ilivyozaa? Ile ya kule chini..."

"Pumua kwanza."

Mara za mwanzo aliinuka kabla hajamaliza kukandwa, akikumbuka sufuria jikoni au ng'ombe wa watu. Ila alirudi. Mwenyewe hakujua kwa nini, isipokuwa kwamba mikono ile haikuwa na haraka, na yeye hakukumbuka ni lini aliguswa na mtu asiye na haraka.

Alasiri moja aliiacha kahawa yake imeanikwa uani, akaenda kukandwa. Akiwa katikati ya maneno, usingizi ukambeba.

Alipofumbua macho, migomba ilikuwa ikidondosha maji. Uwiduhaye alikuwa ameketi kando yake akichambua maharage.

"Mvua!"

"Imeshanyesha, imekwisha."

"Na kahawa yangu! Kwa nini hukuniamsha?"

"Baba Benjamin alipita hapa mbio kuianua. Alisema nikikuamsha tutakosana."

Kemigisha hakuaga. Alifika nyumbani akihema, akamkuta Rwezaura shati limemganda mgongoni, kahawa yote imerundikwa sebuleni, iliyokauka pamoja na mbichi.

"Umeichanganya!"

"Nimeichanganya, ndiyo. Ungekuwepo wewe, isingechanganyika." Akajifuta uso. "Lakini umelala, mke wangu. Mchana! Tangu lini?"

Alitaka kufoka. Badala yake aliinama, akachota kahawa kiganjani. Mvua ilikuwa imekuja, imekwenda, kahawa imeingia ndani, na yeye hakuwepo. Hakujua kama kinachomsumbua ni aibu ya kulala wakati kazi inamngoja, au ni kugundua kwamba kazi imefanyika bila yeye.

Akavuta kigoda, akaanza kutenganisha punje. Mabega yalikuwa mepesi. Vidole viliuma, ingawa si kama asubuhi. Rwezaura akachutama mbele yake kusaidia.

"Hiyo si huko. Weka hapa."

"Hapa?"

"Hapo, baba. Angalia rangi yake."

Waliendelea hivyo mpaka rundo likapungua. Magoti yalipoanza kumkaza aliinuka, akazunguka chumba, akaketi, akainuka tena.

"Alhamisi nakwenda tena kwa Uwiduhaye," akasema mwishowe, akichungulia nje. "Lakini kahawa sianiki siku hiyo."