Mnaobishania protein powder kwenye chai ya moto: ya mwanangu niliikuta kwenye kikombe cha hoteli Iringa

Wakuu, heshima kwenu. Wanangu mlioniamkia, marahaba. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Kuna uzi humu vijana wa gym wanabishana kama protein powder inafaa kwenye chai ya moto. Nimeusoma nikapandwa na hasira, ingawa nyie hamna kosa.

Miaka ya sabini nilikuwa mama kijana, kijijini Nyololo. Mwanangu wa kwanza, Neema, alipata utapiamlo. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu.

Halii, hachezi. Anakuangalia tu.

Zahanati ilikuwa inatoa unga wa maziwa wenye protini, msaada wa bure kwa watoto kama yeye. Mara ya kwanza niliumwaga kwenye uji unaochemka. Ukakatika, ukawa mabonge ya njano yanayonata kwenye meno. Neema akatema.

Nesi akanielekeza: koroga kwanza na maji ya baridi, ipua uji, uache upoe kidogo, ndiyo utie. Vijana, jibu lenu ndilo hilo.

Mtoto akaanza kula. Siku moja akacheka. Nililia jamani.

Baadaye nesi akaenda likizo ya uzazi, akabaki mganga msaidizi peke yake.

"Unga umeisha, mama. Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo, yale yale. Nilikuwa naenda na jirani yangu, Mama Lusia, kila mtu na wake mgongoni.

Lusia akafariki.

Tulipotoka kuzika mume wangu akasema, "Huyu wetu tumpeleke hospitali Iringa, leo leo."

Tuliposhuka stendi tukaingia hotelini, nikaagiza chai ya maziwa nimnyweshe mtoto. Nakoroga, naona mabonge ya njano. Nikalitafuna moja. Wakuu, ile ladha nisingeisahau.

Nikamuuliza mwenye hoteli, "Baba, maziwa haya mnapata wapi?"

Akajibu bila wasiwasi wowote, "Ya unga hayo. Kuna bwana mganga wa Nyololo anatuletea. Mazuri, ila wapishi wangu hawajui kuyakoroga."

Mume wangu akaninyang'anya kikombe, akanibebesha mtoto, tukaenda hospitali.

Neema alilazwa, akapona. Tuliporudi tu, nikamfuata Mama Lusia nikamweleza. Alijifunga kanga, tukaongozana hadi zahanati. Kina mama wamejaa kwenye benchi.

Nikasema mbele yao wote, "Ndugu mganga, chai yako ya Iringa nimeinywa."

Akanikaripia, "Wewe mama, mambo ya serikali huyajui!"

Mama Lusia akamsogelea. Akamfungua vifungo vya koti lake jeupe, kimoja kimoja, akamvua. Yule bwana alisimama kama mti. Hakuna aliyemtetea.

Mwenyekiti wa kijiji alipeleka malalamiko wilayani. Mnajua yule mganga alifanywa nini?

Alihamishwa. Akapewa zahanati nyingine, yenye watoto wengine.

Somo langu: msaada ukifika kwenu, ulizeni nani ana ufunguo wa stoo. Mkiambiwa umeisha, mwambieni afungue mlango muone. Sisi tulikuwa tunamjibu "asante, mganga," tunarudi nyumbani na watoto wenye njaa.

Aliyepitia kitu kama hiki aandike hapa chini, nitasoma yote.

Anayetaka kuniambia nisamehe, yamepita, akamwambie kwanza Mama Lusia.