Ndoo ya Mzee Shee

Niliondoka Voi alfajiri, mafua yamenibana, kwa sababu ya neno moja tu: hapana. Mzee Shee, mtunzi wa tarabu za kale, alikuwa amewakataza wanafunzi wangu kuuimba wimbo wake "Ndoo" kwenye mashindano ya kwaya. Nilimtumia bintiye Zuhura video ya mazoezi, na jibu likaja hilo, bila sababu. Mashindano yalikuwa wiki ile ile, na wimbo mwingine sikuwa nao.

Mwembe Tayari niliteremka miguu imevimba. Wachuuzi wakanivuta huku na huku kana kwamba mimi ndiye ninayeuzwa. Nikanywa chai ya tangawizi, nikaanza kutembea. Jua la Mombasa halina adabu.

Njiani kuelekea Ndia Kuu nilipanga maneno ya kumlainisha mzee. Ujanani alisukuma mkokoteni wa maji. Udi alijifunza kwa kukawia mlangoni kwa mpigaji mmoja kila alipompelekea maji, mpaka siku moja akaambiwa apite ndani. Leo arusi za wakubwa hazinogi bila nyimbo zake. Ndiyo maana niliwatwika watoto ndoo za plastiki vichwani: kumpa heshima.

Nyumbani kwake Zuhura alinikaribisha kwa maji baridi. Mzee alikuwa kitini, macho yamefifia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe mwalimu wa mandoo?"

Nikamweleza habari ya heshima ile, tena kwa madaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ndoo hapa, mwalimu."

Nikageuka kutafuta ndoo.

Zuhura akaangua kicheko. "Yuwakuita, mwalimu! Kwetu sisi, ndoo ni njoo."

Mzee hakucheka. "Mamake huyu alikwenda Arabuni, kazi za nyumbani. Wimbo wamwita yeye. Hata leo hakuya."

Kicheko cha Zuhura kikakatika. Mimi nilishikwa na aibu hata mafua nikayasahau. Nikasogea, nikaketi miguuni pake, nikamwomba radhi.

"Haya, imba," akasema.

Niliimba kwa sauti iliyokwaruza. Alifumba macho mpaka nilipomaliza. "Na waimbe," akasema.

Nilifika Voi nimechoka hoi. Kesho yake watoto walijipanga, ndoo vichwani.

"Ziwekeni chini."

"Sasa tutashika nini, mwalimu?"

"Hamshiki kitu. Mnamwita mtu."

Walipoanza kuimba, msichana mmoja aligeuka kutazama mlangoni. Nami nikageuka.