Betri Mbili za Chausiku

Jirani yangu Chausiku hajui kukaa. Ukimpa kiti hapa dukani kwangu Tandika atakikalia muda wa chai nusu kikombe, kisha atasimama, atapanga karatasi ambazo nimeshazipanga, atachungulia barabarani na kuuliza saa ngapi. Ukimjibu, baada ya dakika tano anauliza tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nimeshamfukuza mara nyingi, na kila mara amerudi kabla sijamaliza kununa.

Duka langu ni la steshenari: natoa kopi, nachapa barua za kuombea kazi, nalaminisha vyeti. Yeye anatembeza udi na mafuta ya nazi nyumba kwa nyumba, kuanzia Tandika mpaka Mtoni, na kazi hiyo inamfaa, maana miguu yake ikipumzika inauma. Huwa namtania hivyo naye hucheka. Ila kila Ijumaa ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, hacheki. Siku hiyo anaingia amekumbatia kopo la siagi, na mimi nafunga mlango nusu.

Ndani ya kopo mna kipande cha khanga, na ndani ya khanga mna kompyuta ya kiganjani. Vijana wa leo hawaijui. Kabla ya simu hizi za kugusa, watu wa ofisi na wa miradi walikuwa na vikompyuta vya kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, unaandika juu ya kioo kwa kijiti cha plastiki. Hiki cha Chausiku kinatumia betri mbili ndogo, zile za rimoti. Ubaya wake ni mmoja: kumbukumbu yake yote inaishi kwa betri. Ukizitoa za zamani una kama dakika moja ya kuweka mpya. Ukichelewa kinaamka kitupu, kama kimetoka kiwandani asubuhi hiyo.

Chausiku haiamini saa kwa jambo hilo, kwa kuwa saa yangu ya ukutani iliwahi kumgomea katikati ya kazi. Anahesabu kwa mdomo. Anavuta pumzi, anasema Bismillahi, anatoa betri, halafu anaanza Subhanallah, moja mpaka thelathini na tatu, kama anavyohesabu baada ya sala. Ikifika ya ishirini, betri mpya ziwe ndani. Anabonyeza kitufe, kidude kinalia tii, naye anashusha mabega. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na moja. Harusi ya mdogo wake kule Lindi ilipoangukia Ijumaa hiyo, alikwenda na kopo lake, akaacha ngoma imepamba moto akaenda kubadilisha betri stoo, kwenye magunia ya mchele.

Mwaka 2004 alikuwa karani wa mradi mmoja wa afya. Waligawiwa vile vikompyuta, wakapita mitaa ya Temeke kuuliza habari za malaria. Maswali yalikuwa yamo ndani. Yeye anasoma, mama mwenye nyumba anajibu, yeye anagusa jibu kwa kijiti. Swali la saba analikumbuka mpaka leo: jana usiku, mtoto alilala ndani ya chandarua? Ameliuliza kwenye nyumba zaidi ya mia nne. Nyumbani kwake alikuwa na mtoto mmoja, Zubeda, miaka sita, na chandarua kilikuwepo. Kilikuwa kimechanika upande wa miguuni, na kila siku akirudi amechoka alisema atakishona kesho.

Jioni moja Zubeda alikitoa kidude mkobani, akafungua sehemu ya kuchorea, akamchora mama yake. Chausiku alimgombeza, maana kilikuwa mali ya mradi, akamnyang'anya kijiti. Picha aliiona kidogo tu. Hakuifuta kwa sababu hakujua inafutwaje. Wiki mbili baadaye malaria ilimpanda mtoto kichwani, na siku ya tatu wakamzika. Mradi ulipokwisha, msimamizi wake alimwachia kidude bila kumuuliza swali.

Haya yote niliyajua, na bado niliwahi kumwambia neno baya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka minne iliyopita kioo kiliota mistari myeusi, na katika mwezi mmoja kikawa cheusi chote. Kabla ya hapo hakuna aliyewaza kukipiga picha kwa simu. Tulikizoea kama mtu anavyoizoea sebule yake. Tulipozinduka nilijaribu, nikapata sura yangu na dirisha. Tangu hapo alikuwa anakitilia betri kitu asichoweza kukiona ndani. Siku moja nimechoka, mashine ya kopi imenasa karatasi, nikamwambia, "Da Chausiku, hata hujui kama humo kuna kitu. Kinalia tii, basi. Hata saa ya mkononi inalia."

Alichukua kopo lake akaondoka. Alirudi baada ya siku mbili, hakunitajia, na mimi sikuomba radhi. Naona aibu mpaka leo.

Mwaka huu, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, hakikulia. Chausiku alifika Subhanallah ya ishirini, betri ziko ndani, akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Nikainama, nikaona springi ya upande mmoja imeliwa na kutu. Yeye anaendelea kuhesabu, sauti imempanda, ishirini na sita, ishirini na saba. Mezani palikuwa na pipi. Nikaimenya, nikaikunja ile karatasi yake ya kung'aa, nikaisindilia penye kutu. Thelathini na moja. Tii.

Chausiku akakaa chini sakafuni, yeye asiyekaa.

"Najma," akasema, "ipo siku nitamuua mwanangu mara ya pili."

Kulia kililia, lakini hakuna aliyejua kimelia na picha ndani au kimelia kitupu. Wiki zilizofuata zilikuwa za taabu. Alikuja dukani mara tano kwa siku, anabonyeza, anasikia, anaondoka, anarudi kutokea njiani. Udi wake haukutembea. Nami uchu wa kujua ukaniingia mwilini, nikawa nachapa barua za watu kwa makosa, nasimama, nakaa, nasimama. Nikajiona nimekuwa yeye.

Njia ilikuwa moja: kukiunganisha kidude na kompyuta kubwa na kuvuta kila kilichomo. Kompyuta nilikuwa nayo, ile ya zamani ya pembeni yenye tundu pana la meno tisa nyuma, ninayoitunza kwa sababu inachapa bila kunisumbua. Kilichokosekana ni kebo na programu, vitu ambavyo havijauzwa tangu sijaolewa. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye steshenari. Wengi walinicheka. Mmoja tu akanitumia namba. "Mpigie mzee Audax wa Boko. Alikuwaga na duka la mavitu hayo mjini. Ila jiandae kumsikiliza."

Nikampigia, nikampa shikamoo. "Marahaba, mama," akajibu, na kwa robo saa sikupata nafasi ya kusema tena. Alikuja kesho yake kutoka Boko, amevaa shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, amebeba kiroba. Akakimwaga mezani kwangu: vijiti vya kuandikia vya kila rangi, vifuniko vya ngozi, kibodi inayojikunja mara nne, vitako vya kuchajia, sidii kwenye mifuko yake. Nyingine hazijafunguliwa hata gundi.

"Biashara hii niliiona kabla ya wote hapa mjini," akasema. "Tatizo ni kwamba wateja walichelewa."

"Walichelewa au hawakuja?" nikamuuliza.

"Wanakuja. Si unaona, wewe umekuja."

Mzee ni Mhaya, na Mhaya ni Mhaya kwa majivuno: ukimshinda anakushukuru kwa kumpa nafasi. Lakini mikono yake ilikuwa ya kweli. Alichambua kebo saba, akaipata yenyewe, akaifuta meno kwa pamba na spiriti. Chausiku alisimama mlangoni, anaingia na kutoka, kopo kifuani. Mzee Audax akamwangalia.

"Mama, ndani kuna nini? Niambie, nijue ninavyoshika."

"Mwanangu alinichora," akasema Chausiku.

Mzee alivua saa yake ya mkononi akaiweka kando, na kuanzia hapo majivuno yote yakaisha.

Sidii iligoma mara mbili, nikaipiga kompyuta kofi la ubavuni, ikakubali. Programu ikaingia polepole kama foleni ya Buguruni. Ikafika mahali ikauliza swali, nami nisiyependa kuulizwa maswali nikaona neno SAWA limekaa chini, nikashika kipanya nibonyeze tuendelee. Mzee Audax akanidaka kiganja. Akanishika kwa nguvu kweli, mtu aliyenizidi miaka zaidi ya ishirini.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Programu ilikuwa inauliza, kompyuta ikifuate kidude, au kidude kiifuate kompyuta? Alama ilikuwa imeshakaa kwenye jibu la pili. Kompyuta yangu haikuwa na kitu cha Chausiku. Ningebonyeza, kidude kingeifuata, kingekuwa kitupu kama yenyewe, na miaka ishirini na moja ya betri ingekwisha kwa kidole changu.

"Mwaka 2003 nilimfanyia mtu hivyo," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Daktari mmoja. Mwaka mzima wa wagonjwa wake. Nilimwambia kifaa ni kibovu, nikamuuzia kingine. Sijawahi kumwambia ukweli."

Nilihamisha alama kwenye jibu la kwanza, nikasoma mara tatu, nikamsomea kwa sauti, naye akasema ndiyo. Ndipo akamgeukia Chausiku. "Kitufe kipo hapa kwenye kebo. Bonyeza wewe."

Chausiku alibonyeza. Kidude kikaimba sauti tatu ambazo sikuwahi kuzisikia. Kwenye kioo cha kompyuta yangu orodha ikaanza kushuka: namba za nyumba, tarehe, mitaa, majibu ya swali la saba, ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Chausiku akaanza kuhesabu kwa mdomo bila kujijua. Mwisho kabisa, chini ya kila kitu, pakawa na mstari mmoja wa sehemu ya michoro. Mzee akaufungua.

Mwanamke, kichwa duara, ushungi kama hema dogo, na miguu mitatu. Miwili mirefu mno, imeachana, anatembea. Wa tatu mfupi, umefungwa ubavuni kwa kamba.

"Huu wa tatu ni nini?" mzee akauliza.

"Mkoba," akasema Chausiku. "Mkoba wangu wa kazini." Akagusa kioo kwa kidole. "Kwenye kile kioo kidogo niliuona kama mkwaruzo. Kumbe alinichora naondoka."

Alilia, nikalia, na mzee Audax akajifanya anakusanya vijiti vyake. Kabla hajaondoka nikachapa picha kwa ukubwa wa karatasi nzima, nikailaminisha mara mbili. Nikaiweka kwenye flashi, nikaituma kwenye simu ya Chausiku na kwenye yangu. Hata mzee aliomba aende nayo Boko, akisema kitu kizuri kisikae upande mmoja wa mji. Halafu nikamwambia Chausiku neno ambalo nilichelewa kulisema miaka minne: nisamehe. Akanipiga kibao cha bega.

Nilidhani yamekwisha. Nilimwambia sasa atapumzika, atakaa kwenye kiti kama watu, atakwenda Lindi bila kopo. Picha aliitundika ukutani kwake, juu ya mashine yake ya cherehani. Aliianza wiki ya kwanza vizuri, akatembeza udi mpaka Mbagala.

Ijumaa ya tatu, adhuhuri imeshasaliwa, nilikuwa nakata karatasi nilipomwona mlangoni. Kopo la siagi kifuani. Mkononi betri mbili mpya za rimoti, bado zimo kwenye plastiki yake.

Hasira zikanipanda, siwezi kuficha. "Da Chausiku, picha si unayo? Iko ukutani, iko kwenye simu, iko Boko! Hicho umeshakimaliza, kiache kife!"

Hakukasirika. Aliingia, akafungua khanga juu ya meza yangu, akakilaza kidude chali.

"Ya ukutani nzuri," akasema. "Naitazama kila nikiamka. Lakini ile haitaki kitu kwangu, Najma. Nisipoiangalia mwaka mzima itakuwepo vilevile." Akatoa betri moja kwenye plastiki, ikamponyoka. Ndipo nikaona jinsi vidole vyake vinavyotetemeka siku hizi. "Yule wa chandarua nilimwambia kesho. Huyu wa humu sijawahi kumwambia kesho."

Niliokota ile betri chini ya meza, nikaifuta kwenye gauni langu. Nikaenda kufunga mlango nusu, nikarudi nikaikandamiza karatasi ya pipi ikae sawa pale penye kutu.

"Mikono ni yako au yangu?" nikamuuliza.

"Yangu," akasema. "Wewe hesabu."

Nikavuta pumzi. Nikasema Bismillahi, akazitoa za zamani, nikaanza.